Poti hii ni ya nani? Njia tatu za kugawa poti za swichi kwenye VLAN, na ipi inakufaa

Mama mhasibu wa kampuni moja ya utalii pale Njiro, Arusha, alihamisha meza yake Jumatatu asubuhi kwa sababu jua la dirishani lilikuwa linampiga usoni. Akachomoa waya wa kompyuta, akauchomeka kwenye tundu jingine la ukutani, hatua nne tu kutoka pale alipokuwa. Haikupita robo saa simu yangu ikaita. Mimi nilikuwa Moshi, kilomita kama 80 kutoka kwake, mkono mmoja ndani ya kabati la swichi (kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa waya) la mteja mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Intaneti ninayo, ila mfumo wa hesabu umekataa na printa siioni. Mmenifungia?"

Hakuna aliyemfungia. Tundu alilohamia lilikuwa la kona ya wageni, pale watalii wanapokaa kusubiri gari, na poti yake, yaani tundu la kwenye swichi ambako waya wake unaishia, ilikuwa kwenye VLAN ya wageni, kipande cha mtandao kilichotengwa: intaneti wanapata, seva na printa za ofisi hawazioni. Swichi ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Nikamwomba arudi kwenye tundu la zamani. Akarudi, jua likaendelea kumpiga mpaka Jumatano nilipofika.

Jumatano hiyo akaniuliza swali ambalo nimeulizwa na wateja wengi: kwa nini swichi imtambue ukuta badala ya kumtambua yeye? Jibu ni kwamba inaweza kumtambua yeye. Inaweza pia kuitambua kompyuta yake. Hizo ni njia tatu tofauti, kila moja ina gharama yake, na kwa hapa kwetu kuna kipimo kimoja ambacho vitabu vya mitandao havikigusi sana: umeme ukikatika saa nane mchana na kurudi saa tisa, nani atarudi kwenye VLAN yake bila fundi kuitwa?

Kwanza tuelewane kuhusu VLAN yenyewe

Swichi ya poti 24 unaweza kuigawa ikawa kama swichi tatu zisizofahamiana, ingawa ni boksi moja. Kila kipande ni VLAN na kina namba, kuanzia 1 hadi 4094. Utaratibu wa namba hizo uliwekwa na IEEE, shirika la wahandisi linaloweka viwango, kwenye kiwango cha 802.1Q kilichotoka mwaka 1998: fremu (kifurushi cha data) inayosafiri kati ya swichi na swichi inabandikwa tagi, yaani lebo, ya baiti 4, na ndani yake biti 12 ni namba ya VLAN.

Kompyuta ya mama mhasibu haijui lolote kuhusu hayo. Yenyewe inatuma fremu tupu, isiyo na tagi. Swichi ndiyo inayopaswa kuamua: fremu hii iliyoingia poti namba 7 ni ya VLAN gani? Njia zote tatu ninazozilinganisha ni majibu ya swali hilo moja. Ya kwanza inaangalia poti, ya pili inaangalia kifaa, ya tatu inaangalia mtu.

Na kabla sijaendelea: kugawa poti peke yake si ulinzi. Ukishazitenganisha VLAN halafu rauta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine, ikawa inapitisha kila kitu kutoka moja kwenda nyingine, umejichosha bure. Nimeona ofisi ina VLAN sita na mgeni wa mapokezi bado anaweza kuchapisha kwenye printa ya mkurugenzi.

Njia ya kwanza: kuipanga poti kwa mkono

Hii ndiyo ya wengi. Unakaa na swichi unaiambia: poti 1 hadi 8 ni uhasibu, VLAN 20, 9 hadi 16 ni mapokezi, VLAN 30, 17 hadi 20 ni kamera, VLAN 50. Ukishasema imetoka. Yeyote atakayechomeka chochote kwenye poti 5 ni mhasibu, hata kama ni fundi wa kiyoyozi.

Swichi zinatofautiana sana kwa namna ya kuambiwa, na hapa ndipo mafundi wengi tunapoanguka, kwa hiyo niache nikae kidogo. Kwenye Cisco unaingia kwenye poti, ndipo unaitajia VLAN yake:

```
interface GigabitEthernet1/0/5
 switchport mode access
 switchport access vlan 20
```

Kwenye HP za ProCurve, na zile Aruba zilizorithi mfumo ule, ni kinyume. Unaingia kwenye VLAN, unazihesabu poti zake:

```
vlan 20
 untagged 1-8
 tagged 24
```

Cisco inauliza mtoto huyu ni wa nani. ProCurve inamuuliza mzazi watoto wako ni wepi. Wakati wa kupanga mtandao mpya naipenda ya pili, kwa sababu unaiona VLAN nzima kwa mstari mmoja. Wakati wa hitilafu naipenda ya kwanza: mtu analalamika poti 5, unaingia poti 5, unasoma kila kitu chake hapo hapo. Angalia pia neno "trunk". Kwa Cisco maana yake ni poti inayobeba VLAN nyingi zikiwa na tagi, ile tunayoiita tranki. Kwa ProCurve neno hilo hilo lina maana ya kuunganisha waya mbili au zaidi zifanye kazi kama mmoja. Fundi akinakili maelekezo ya upande mmoja akayapeleka upande mwingine, siku hiyo chakula cha mchana asikitegemee.

Kundi la tatu ni swichi ndogo za kuendeshwa kwa kivinjari, kama baadhi ya TP-Link na Netgear, na ndizo ninazokutana nazo zaidi kwenye ofisi za Arusha na Moshi kwa sababu ya bei. Kwa hizi kazi moja imegawanywa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza unapanga uanachama: poti ipi imo kwenye VLAN ipi, kwa tagi au bila tagi. Ukurasa wa pili una safu ya namba inayoitwa PVID. Uanachama unaamua kinachoruhusiwa kutoka kwenye poti kwenda kwa kompyuta. PVID inaamua kinachoingia kutoka kwa kompyuta kipelekwe VLAN gani.

Ukijaza wa kwanza ukasahau wa pili, hiki ndicho kinachotokea. Poti 5 umeiweka VLAN 20 bila tagi, lakini PVID yake bado ni 1. Kompyuta inapiga kelele kuomba anwani. Kelele ile inaingia VLAN 1. Kama hukuitoa poti kwenye VLAN 1, seva ya DHCP ya huko, ile inayogawa anwani, inajibu, kompyuta inapata anwani, intaneti inafunguka, unapokea malipo yako unaondoka. Umeondoka na mtandao haujagawanyika. Kama uliitoa, hakuna jibu litakalorudi: taa ya kijani inawaka, Windows inajipa anwani ya 169.254, na mteja amesimama nyuma yako amekunja mikono. Kwenye duka moja la dawa Moshi nilibadilisha waya mbili na kubana upya vichwa vyake kabla sijaukumbuka ukurasa wa pili. Saa mbili nzima, na kosa lilikuwa tarakimu moja.

Sasa umeme. Poti ikipangwa kwa mkono, mpangilio umo ndani ya swichi yenyewe. Umeme ukirudi, swichi inawaka, inasoma mpangilio wake, kila mtu yuko kwake. Haihitaji kumuuliza seva yeyote. Hiyo ni faida kubwa kuliko inavyosikika, ili mradi uliusevu.

Mimi sikuusevu, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Niliseti Cisco, nikapima kila tundu, kila kitu kikawa safi, nikafunga kabati nikasahau `write memory`, amri ya kusevu mpangilio. Wiki tatu baadaye umeme ukakatika, betri ya UPS ilikuwa imechoka, swichi ikazima. Iliporudi watu wote walikuwa VLAN 1, wahasibu na wageni meza moja. Kilichonichanganya ni kwamba nilipoandika `show vlan brief` VLAN zote zilikuwepo, 20, 30 na 50, na majina niliyozipa, ila hazina hata poti moja. Nikaanza kutafuta ni nani aliyeingilia. Hakuna aliyeingilia. Kwenye Cisco iliyoachwa kwenye hali yake ya kiwandani, orodha ya VLAN inaandikwa kwenye faili la vlan.dat pale pale unapoiunda, lakini kazi ya kuigawia poti inakaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka uihifadhi mwenyewe. Kwa hiyo ukikuta vyumba vipo na wapangaji hawapo, usimtafute mchawi.

Gharama ya njia hii ni miguu na simu. Kila anayehama meza anahitaji mtu wa kuingia kwenye swichi. Na inahitaji karatasi: tundu lenye namba 2-14 ukutani linaishia kwenye poti ipi? Vumbi la hapa linabandua lebo za selotepu ndani ya mwaka, nunua zile za mashine ya kuchapa.

Njia ya pili: swichi imtambue kifaa kwa anwani yake ya MAC

Kila kadi ya mtandao ina namba yake ya biti 48, ndiyo hiyo MAC. Swichi inaisoma fremu ya kwanza inapoingia, inauliza kwenye orodha, inaambiwa namba hii ni ya VLAN 20, inaiweka poti huko. Kompyuta ikihamia tundu lolote inafuatwa na VLAN yake. Mama mhasibu angefurahi.

Zamani Cisco walikuwa na kitu kinaitwa VMPS: faili la maandishi lenye orodha ya MAC na VLAN zake, na swichi zinauliza humo. Ukikuta maelezo yake mtandaoni yapite tu, swichi mpya hazina. Siku hizi orodha inakaa kwenye seva ya RADIUS, ile inayothibitisha nani aruhusiwe kwenye mtandao, na swichi inaituma MAC kana kwamba ni jina la mtumiaji na neno lake la siri.

Nguvu ya njia hii ni kwa vitu visivyo na vidole: printa, kamera, mashine ya alama za vidole ya mahudhurio, kifaa cha maabara. Havijui kujibu swali la neno la siri, lakini MAC vinayo.

Udhaifu wake ni mkubwa kuliko mafundi wengi wanavyokiri. MAC ya printa imebandikwa mgongoni mwa printa, kila mtu anaweza kuisoma, na kuibadilisha ya laptopu ifanane nayo ni kazi ya dakika moja. Halafu kuna jambo la adapta. Laptopu nyembamba za siku hizi hazina tundu la waya, kwa hiyo watu wanatumia adapta ya USB, na MAC ni ya adapta, haina habari na laptopu. Ofisi ikiwa na adapta moja inayozunguka kwa watu watatu, yeyote aliyeishika ndiye mhasibu kwa saa hiyo. Nimekuta adapta ya namna hiyo imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza ili isitembee. Mwenye meza alikuwa ameuelewa mtandao kuliko fundi aliyeufunga.

Usije pia ukaitumia orodha hiyo hiyo kwa simu za watu kwenye Wi-Fi. Tangu Android 10 na iOS 14 simu zinajitungia MAC ya bandia kwa kila mtandao, labda mwenyewe aizime.

Njia ya tatu: swichi imuulize mtu

Hii ni 802.1X, kiwango cha IEEE cha mwaka 2001 ambacho kimefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Unapochomeka waya, poti inakuwa imefungwa. Swichi inauliza: wewe nani? Laptopu inajibu kwa jina na neno la siri, au kwa cheti, faili la kidijitali la utambulisho lililowekwa ndani yake. Swichi haiamui chochote, inapeleka jibu kwa seva ya RADIUS kwenye UDP poti 1812 (hii ni namba ya mlango wa programu, si tundu la swichi). Seva ikiridhika inarudisha ruhusa pamoja na vitu vitatu: Tunnel-Type yenye thamani 13 kwa maana ya VLAN, Tunnel-Medium-Type yenye 6 kwa maana ya familia ya 802, na Tunnel-Private-Group-ID, ambayo ndiyo namba ya VLAN au jina lake. Vitatu vyote vije. Kimoja kikikosekana swichi nyingi zinamruhusu mtu lakini zinamwacha kwenye VLAN ya kawaida ya poti, na wewe unabaki kujiuliza kwa nini mambo yamekubali nusu. Ukituma jina badala ya namba, liwe limeandikwa kwenye swichi herufi kwa herufi. Napendelea jina, kwa sababu tawi la Arusha linaweza kuwa na uhasibu VLAN 20 na la Moshi VLAN 120, seva ikajibu "UHASIBU" kwa wote na kila swichi ikaelewa kivyake.

Seva yenyewe si lazima uinunue. FreeRADIUS ni programu ya bure na kompyuta ya kawaida inaibeba. Wenye Windows Server wana NPS, RADIUS ya Microsoft, ndani yake tayari. Kinacholiwa ni muda, na muda unaliwa na mambo madogo. Kwenye Windows huduma ya Wired AutoConfig haijiwashi yenyewe, na bila hiyo laptopu haitajibu swali la swichi kwenye waya. Ukiwa na mashine 60 zisizosimamiwa kutoka mahali pamoja, utazunguka meza 60. Vyeti navyo vinaisha muda: cheti cha seva kikifa usiku, asubuhi ofisi nzima iko nje ya mtandao na hakuna waya hata mmoja uliokatika.

Printa zisizojua 802.1X unazipitishia njia ya pili kama mlango wa nyuma: swichi ikiuliza isijibiwe, inaangalia MAC. Hapo kuna subira. Kwa Cisco iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani, swichi inauliza mara tatu kwa kupishana sekunde 30, kwa hiyo ni dakika moja na nusu kabla haijaangalia MAC. Kuna vifaa vinavyokata tamaa ya kupata anwani kabla ya hapo, na mtu wa mapokezi atakuapia kwamba printa imekufa. Punguza muda huo, au iambie swichi ianze na MAC kwenye poti za printa.

Na umeme? Hapa ndipo njia hii inaponipa wasiwasi kwa mazingira yetu. Umeme ukirudi swichi inawaka, na seva ya RADIUS inaweza kuchukua muda mrefu zaidi kuamka, au isiamke kabisa kwa sababu diski inajikagua. Katikati hapo watu wanachomeka, swichi inauliza, seva haijibu. Ofisi nzima inaangukia VLAN ya wageni au inabaki nje. Kuna dawa: swichi nyingi kubwa zinaruhusu uziambie kwamba seva zikikosekana, poti iende VLAN fulani ya dharura, na seva zikirudi iulize upya. Weka hiyo, weka seva mbili, na seva zote ziwe kwenye UPS yenye betri ambayo umeipima mwaka huu. Kama bajeti haifiki hapo, usianze.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Kwa mkono | Kwa MAC | Kwa 802.1X |
|---|---|---|---|
| Mtu akihama meza | fundi aitwe | inamfuata kompyuta | inamfuata mtu |
| Mgeni akichomeka kwenye tundu la uhasibu | anaingia | haingii, ila akijua MAC anaingia | haingii |
| Umeme ukirudi | tayari, kama ulisevu | inategemea seva | inategemea seva, na cheti |
| Swichi ya bei ya chini | inatosha | wakati mwingine | angalia sana kabla ya kununua |
| Kazi ya kila mwezi | ndogo | orodha ya vifaa vipya | akaunti, vyeti, malalamiko |

Ule mstari wa swichi ya bei ya chini, usimwamini muuzaji akisema "hii ina kila kitu". Swichi inaweza kuwa na 802.1X ya kufungua na kufunga poti tu, bila uwezo wa kupokea VLAN kutoka kwa seva. Soma waraka wake kutoka kwa mtengenezaji, tafuta maneno ya kugawiwa VLAN na RADIUS, ndipo utoe hela.

Poti ambazo hazimo kwenye mjadala huu

Tranki kati ya swichi na swichi, au kwenda kwa rauta, pangia kwa mkono siku zote. Zitajie VLAN zinazoruhusiwa kupita, na ile isiyo na tagi ifanane pande zote mbili. Vifaa vya Wi-Fi vya darini ni hivyo hivyo: poti inabeba VLAN za wafanyakazi na wageni kwa tagi, na kila jina la Wi-Fi lina namba yake. Kwenye Cisco poti zisizo tranki ziandikie wazi `switchport mode access`, zisibaki za kujadiliana zenyewe na kila kinachochomekwa.

Simu za mezani nazo zina utaratibu wao mzuri. Poti moja inabeba vitu viwili: simu inatuma kwa tagi kwenye VLAN ya sauti, na kompyuta iliyochomekwa nyuma ya simu inatuma bila tagi kwenye VLAN ya ofisi. Simu inaambiwa namba yake na swichi kupitia LLDP-MED, au CDP kama zote ni Cisco; hizo ni lugha ambazo vifaa vinajitambulisha kwazo. Hiyo inakwenda vizuri na njia yoyote kati ya tatu.

Basi wewe uchague ipi?

Ofisi ya watu 10 mpaka 40, iwe Kijenge au katikati ya Moshi: kwa mkono, bila kuwaza mara mbili. Kosa letu la Njiro halikuwa njia. Tulikuwa tumechanganya VLAN mbili ndani ya chumba kimoja, na mtu hawezi kuijua mipaka asiyoiona. Chumba kizima kiwe VLAN moja, matundu yote, hata yasiyotumika. Kona ya wageni ibaki na Wi-Fi tu.

Majengo ya kupangisha katikati ya mji, yale ambayo swichi moja ya ghorofa inahudumia wapangaji watatu wasiojuana: kwa mkono pia, na nakala ya mpangilio ikae kwa mwenye jengo. Mpangaji akihama, poti zake zizimwe siku hiyo hiyo.

Hoteli na loji: tundu la chumbani ni la mgeni, kwa mkono, na poti za vyumba zisionane zenyewe kwa zenyewe. Ukumbi wa mikutano ndio unaosumbua, kwa sababu leo una semina ya wageni, kesho kikao cha mameneja wanaotaka kufungua mfumo wa ndani. Watu wengi wananiambia hapo ndipo pa 802.1X. Mimi naona hapana. Uache ukumbi kwenye VLAN ya wageni na mameneja wapitie Wi-Fi yao ya ofisi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba, msimu ukichanganya, hutaki kuwa unamfundisha mhudumu wa muda namna ya kukubali cheti kwenye laptopu.

Zahanati na hospitali ni habari nyingine. Matundu yako pale wagonjwa wanapokaa, watu wanaingia na kutoka, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hapa ningelipia 802.1X kwa kompyuta za madaktari na mapokezi, na MAC kwa mashine za maabara, zikiwa na VLAN yao ambayo haifiki popote isipokuwa kwenye seva ya maabara. Hivyo hata mtu akiiga MAC ya mashine, amejifungia chumba chenye mlango mmoja. Mpaka seva ya pili na betri zipatikane, panga kwa mkono na uzime kila poti isiyo na kazi.

Vyuo, vile vya Moshi na Tengeru vyenye mamia ya watu wanaobadilika kila mwaka wa masomo, hawana namna nyingine zaidi ya 802.1X. Akaunti za wanafunzi zipo tayari, watu wa kuzisimamia wapo, na kupanga poti kwa mkono kwa idadi ile ni adhabu. Ukianza, anza na hali ya wazi, kwenye Cisco ni `authentication open`: swichi inauliza na kuandika nani kashindwa, ila haimfungii mtu. Kaa hivyo mwezi mzima ukisoma kumbukumbu, utagundua printa ambazo hakuna aliyejua zipo.

Mama mhasibu nilimwekea matundu yote manne ya chumba chake kwenye VLAN 20, mawili kila upande. Mwezi uliopita amehama tena, safari hii kukimbia upepo wa feni. Hakunipigia. Niliona mwenyewe nikiwa kwenye swichi kwa kazi nyingine: poti 11 imezima, poti 14 imewaka.